Mkononi mwa Mlingoti

Tangu asubuhi Punje alikuwa akishona vifungo, na vyote vilikaa upande. Mtu mwenye hofu hashoni. Anatoboatoboa kitambaa tu.

Jina la Punje alipewa na bibi yake, siku aliyozaliwa akaenea ndani ya kikapu cha nyuzi. Sasa alikuwa mtu mzima, fundi wa nguo, na ndiye mwanamke mfupi kuliko wote duniani. Wapimaji walikuja, wakampima amesimama na amelala, wakampa cheti. Furaha ya siku hiyo ndiyo iliyomponza. Jirani alimbeba juujuu kwa shangwe, akajikwaa kizingitini, na Punje akavunjika nyonga. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu hapo, mkono wa mtu ukimgusa kwapani, roho humruka.

Na leo kaka yake, bila kumwuliza, alikuwa ameahidi kwamba Punje atapigwa picha amebebwa na mtu mrefu kuliko wote.

"Ni picha moja tu, dada. Kufumba na kufumbua."

"Hata kuanguka ni kufumba na kufumbua," Punje akajibu, lakini kaka alishatoka kupokea wageni.

Yule mrefu, ambaye watu walimwita Mlingoti, aliingia chumba cha ushonaji amejikunja kama mkeka. Mpiga picha akamnyang'anya fimbo yake, akaiweka nje, ati inaharibu picha. Punje, kwa jicho la fundi, akaona suruali imetuna magotini: ndani yake mlikuwa na bandeji nene. Kabla hajasema neno, mikono miwili mirefu ikamzoa.

Sakafu ikaenda zake. Feni ya dari, ambayo siku zote aliisikia tu, sasa ilimpepea utosini. Aliona hadi vumbi lililoganda kwenye mabawa yake. Moyo ulimdunda, kisha akasikia mdundo wa pili, wa kifua cha Mlingoti.

"Usitikisike, dada," Mlingoti akanong'ona, meno nje kwa ajili ya picha. "Magoti yangu yanakwisha nguvu."

"Basi niteremshe."

"Nikiinama tunakwenda chini wote wawili."

Punje akaishika tai ya Mlingoti kwa mikono yote miwili. Mpiga picha alikuwa akisifu, hivyohivyo, tabasamuni. Kaka akapiga makofi. Kupiga kelele Punje hakuthubutu, maana huyu akishtuka, basi tena.

"Ndugu yangu," akamwambia polepole, "nyuma yako kuna meza ya kukatia nguo. Buruta mguu, usiunyanyue. Haya, na wa pili."

Goti moja likacheza. Chumba kizima kikainama, Punje akafumba macho. Kisha mapaja ya Mlingoti yakagonga ubao wa meza, akaketi, na Punje akateleza kutoka mkononi mwake hadi juu ya vitambaa. Meza ikatikisika, mkasi ukalia juu yake.

Mpiga picha akaomba nyingine, ya akiba. Kaka akasogea amwinue dada yake tena. Punje akauokota mkasi, akaupakata.

"Mletee mgeni fimbo yake," akasema. "Na kuanzia leo, anayetaka kuniinua akuinue wewe kwanza, mimi nitazame."

Kaka akaenda kuleta fimbo.

Picha ile ilienea kila mahali. Watu husema, tazama walivyofurahiana, tazama alivyomkumbatia. Punje akiitazama huona vidole vyake tu, vilivyoing'ang'ania tai.