Mkufu Kidoleni

Orpha alikuwa ameizoea mashine ya kung'arishia mpaka akawa anapenga kamasi iliyogeuzwa nyekundu na vumbi la dawa ya kung'arishia bila kushtuka. Feni ya kunyonya vumbi ilikuwa imekufa tangu majira ya baridi, na Oliver, mwenye karakana ile ya vito, kila akiulizwa husema fundi yuko njiani. Fundi gani huyo asiyefika?

Mkufu mwembamba hufungwa kwanza kwenye kibao, ndipo upelekwe kwenye gurudumu. Lakini kufunga na kufungua kunakula muda, na Oliver hakukosa mteja wa haraka, basi wote walikuwa wakiuzungusha mkufu kidoleni na kumwomba Mungu. Asubuhi ile Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Gurudumu liliunasa mkufu, ukajikaza, ukakichuna kidole cha Orpha hadi mfupa ukaonekana.

Ambulensi haikuitwa. Oliver alimpeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake, na njia nzima akamweleza kwa upole kwamba wakaguzi wakijua, karakana itafungwa na wote watakosa kazi. Aseme amekatwa na kisu nyumbani. Nafasi yake itamngoja. Orpha aliwafikiria watoto wake nyumbani, mtaa wa Shard End, na miezi aliyokaa bila kazi, akaitikia kwa kichwa.

Nesi aliyemhudumia, Kemunto, alikuwa Mkenya. Aliposikia mgonjwa anatoka Bukavu, akaacha Kiingereza, akamsemesha Kiswahili.

"Kisu haiwezi kukata hivi, mum. Hii imezunguka kidole yote. Niambie tu, nitaandika vile utasema."

"Ni kisu ya jikoni," Orpha alisema, akitazama ukuta. Aliona aibu kumdanganya mtu aliyemshika mkono kwa huruma namna ile.

Kesho yake alipanda basi kwenda karakana na bandeji yake, akaombe walau kazi ya kufungasha. Kwenye kiti chake alimkuta Mumina, jirani yake Mkenya, ambaye jana jioni tu alimletea uji na kumpa pole ya kisu. Mkufu ulikuwa umemzunguka kidole. Oliver akasema huyu ni wa muda tu, Orpha apige simu mwezi ujao. Hakumtazama usoni.

Hasira zikampanda Orpha. Akaenda moja kwa moja kwenye swichi, akaizima mashine.

"Nilikudanganya, Mumina. Haikuwa kisu. Ni hii mashine ilinikata, mukufu ikiwa ku kidole sawa vile yako. Funga ku kibao."

Oliver akauliza kwa Kiingereza Orpha anasema nini.

"Nimekusikia, Mama," Mumina akasema polepole. "Lakini amenionyesha hivi hivi. Na amesema nikichelewa, kuna mwingine anangoja."

Akakitazama kidole chake, akalegeza mzunguko mmoja, akawasha mashine.