Kiraka cha Mwisho cha Babu Diski

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajaweka mkoba chini, Fundi wa kompyuta wa hospitali alifungua ukurasa wa masasisho na kuusoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. Hospitali ilitumia mfumo endeshi huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Watu hao walitangaza viraka vipya mara kwa mara: hiki kinaziba tundu ambalo mwizi angeweza kupitia, kile kinaondoa hitilafu inayoifanya mashine igande. Fundi alichagua vinavyoihusu hospitali, akaviweka, kisha akaingia chumba cha mashine kumwamkia baba yake, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Jifunike, humu kuna baridi."

Baba ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza wa hospitali. Siku mashine kuu ilipoletwa aliiwasha yeye, akaingia kwa jina lake, na hakuwahi kujiondoa, maana siku zote palikuwa na kitu anachomalizia. Aliomba msaidizi akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Aliomba tena akajibiwa vilevile. Akafariki siku ya Jumapili kwenye kiti cha sebuleni, simu ya kazini sikioni, akazikwa Jumanne. Jumatano asubuhi alifika getini na kitambulisho chake, na kwa kuwa kitambulisho kilikuwa hakijaisha muda, mlinzi alimfungulia. Jina lake lilikuwa bado limo ndani ya mashine na mashine ilikuwa inawaka, kwa hiyo alikuwa kazini. Hilo halikumpa mtu yeyote taabu kulielewa.

Ofisa wa utumishi alizipekua kanuni zote na hakuona mahali palipomkataza marehemu kufanya kazi. Palipokatazwa ni kumlipa tu. Akamweka kwenye kundi la wanaojitolea. Chumba cha mashine kilipoa zaidi tangu mzee aingie, uongozi ukazima kiyoyozi kimoja ili kubana matumizi. Na binti yake alipoajiriwa, akaona kazi ni nyingi, akaomba apewe mwenzake wa kusaidiana naye, aliandikiwa kwamba idara tayari ina mafundi wawili.

Kule kwa wale wa kujitolea mzee alijulikana kwa jina la Babu Diski, kwa sababu ndiye aliyetunza ile sehemu ya mfumo inayoandika kwenye diski, sehemu ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na hamu nayo. Aliendelea kuitunza baada ya kufa. Aliwaarifu wenzake kuhusu msiba wake. Walimpa pole, kisha mmoja akauliza ile hitilafu ya juzi imefikia wapi.

Shida ilikuwa nyumbani. Maadamu jina lake lilikuwa limo kwenye mashine, Baba hakuweza kupita geti kwenda nje. Mama hakugombana na kifo. Sote njia yetu ni moja. Kilichomuuma ni kwamba mumewe amekufa na bado hajarudi nyumbani.

"Mwambie baba yako kazi haiishi," alimwambia binti kila asubuhi. "Wanaoisha ni watu."

"Anasema kuna kitu anamalizia, Mama."

"Hata siku ya harusi yetu kuna kitu alikuwa anamalizia."

Mkurugenzi wa hospitali naye alikuwa na lake. Aliipenda mashine kuu kwa sababu haikuwahi kuzimwa tangu siku ya ufunguzi. Kwenye ukumbi wa mapokezi palitundikwa ubao wa taa nyekundu ulioonyesha ni siku ngapi mashine imewaka bila kupumzika, na wageni kutoka hospitali nyingine walipigwa picha wakiwa wamesimama chini yake. Agizo lake lilikuwa fupi: atakayeizima, aizime akiwa na barua yake ya kuacha kazi mfukoni. Mafundi wa mahali pengine wangeweza kumwambia kwamba mashine ambayo haijazimwa kwa miaka ni kama mtu ambaye hajaoga kwa miaka, si jambo la kutangazia wageni. Lakini ukubwa jalala, na kuna majalala yasiyopokea ushauri.

Jumatatu moja tangazo lilikuwa juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nene: hatari sana. Tundu lilikuwa ndani ya sehemu ya diski. Mtu yeyote mwenye ruhusa hata ndogo kabisa, mfano yule anayeandikisha wagonjwa dirishani, angeweza kulipitia akawa bwana wa mashine nzima, akasoma anachotaka na kubadilisha anachotaka. Aliyeligundua na kuliziba alikuwa Babu Diski. Chini ya tangazo aliongeza mwenyewe kwamba kiraka hakitaanza kufanya kazi mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya.

Fundi alikwenda chumba cha mashine, chai ikabaki mezani.

"Baba, umeliona lini?"

"Wiki iliyopita. Nikadhani nimekosea. Nimelirudia mpaka nimechoka, sikukosea."

"Mashine ikizimwa, jina lako linaondoka."

"Si nimekiandika mimi? Kiweke."

Alikiweka. Kisha akapanda ngazi hadi kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa ya kuzima, akamweleza lile tundu kwa maneno mepesi. Mkurugenzi alimsikiliza huku akisaini karatasi nyingine.

"Kiraka umeshakiweka?"

"Nimekiweka, mheshimiwa, lakini hakijaanza kufanya kazi."

"Kimo au hakimo?"

"Kimo."

"Basi. Mashine haizimwi."

Fundi alishuka ngazi akiwa na furaha, na alijua vizuri furaha hiyo inatoka wapi. Alikuwa amekatazwa kumpoteza baba yake, na kukatazwa kulimfaa. Siku zilizofuata alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayekwepa kazi moja. Alisafisha nyaya, alibadilisha maneno ya siri ya wodi zote, akampelekea Baba habari za mtaani kuliko kawaida. Baba alimwacha. Jumatano ndipo aliposema, bila kugeuka kutoka kwenye kioo cha mashine, kwamba kiraka kisichowashiwa mashine ni dawa iliyobaki kwenye chupa.

"Mkurugenzi amekataa, Baba."

"Nimesikia. Na wewe?"

Fundi akasema ana mtu anamsubiri wodini.

Alhamisi asubuhi muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, ambaye hospitali nzima ilimwita Sista, alishuka mwenyewe hadi idara ya kompyuta. Sista hakuwa mtu wa kushuka. Alieleza akiwa amesimama. Kulikuwa na mama anayesubiri upasuaji wa kujifungua. Damu yake Sista aliitoa kwa mkono wake, na majibu ya maabara aliyaona kwa macho yake: kundi la O. Saa nne kioo kilisema AB, na chupa ya AB ilikuwa tayari mlangoni pa chumba cha upasuaji. Aliirudisha kwa sababu ana kumbukumbu nzuri. Mama na mtoto walikuwa salama.

"Nimemwambia Mkurugenzi," alisema. "Anasema ni kosa la uandishi. Mimi sikukosea, na maabara hawakukosea. Sasa nakuuliza wewe."

Fundi naye aliingia chumba cha mashine akamuuliza Baba. Baba alikuwa amekwisha kufungua kumbukumbu za mashine na kuzisoma hadi mwisho.

"Kuna mtu amepita," alisema. "Alikuwa anajaribu tu kama mlango unafunguka. Kesho hatajaribu, atafanya kweli."

Hapo furaha ya Fundi ilikwisha, na alijionea haya kwamba ilidumu siku zote hizo. Mgonjwa yule angekufa, na dawa ilikuwa kwenye chupa, na aliyeishika chupa ni yeye. Alimuuliza Sista kama wodi zinaweza kuandika kwenye karatasi kwa muda, mashine ikiwa imezimwa.

"Mwanangu, sisi tulikuwa tunaandika kwenye karatasi kabla hilo dude halijazaliwa. Zima."

"Saa ya kuona wagonjwa, basi. Nimpigie mama yangu kwanza."

Mama alikuja na foleni ya watu wa kuona wagonjwa, amebeba sweta. Sista aliagiza apitishwe mpaka ndani. Alivuta kiti akaketi karibu na mumewe, akamvisha sweta, akamfunga vifungo kimoja kimoja, na mzee akatulia afungwe.

"Umekonda," alisema Mama.

"Kazi."

"Najua."

"Ule mfereji wa jikoni bado unavuja?"

"Binti yako aliutengeneza. Mwaka juzi."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mama alizitazama taa za mashine zikimulika, kijani na njano, kisha akamtazama yeye.

"Ungeweza kujiondoa mwenyewe siku yoyote, baba watoto."

"Ningeweza."

Mama alikuwa na miaka mitatu ya maneno ya kumwambia. Aliyaweka kando, maana njiani watu huwa wanaongea. Fundi aliketi, akaandika amri ya kuzima. Baba alisimama nyuma ya bega lake akaisoma, kama alivyokuwa akimsomea hesabu zake za shule, na hakukuta cha kusahihisha.

"Sawa," alisema. "Bonyeza."

Alibonyeza. Mapangaboi ya ndani ya mashine yalipunguza mwendo, yakanyamaza moja baada ya jingine, na kimya ambacho chumba kile hakijawahi kukijua kikaingia. Baba aliangalia mikono yake pande zote mbili. Kisha akamwambia Mama, "Twende."

Waliondoka wakipita ukumbini, chini ya ubao wa taa nyekundu ambao sasa haukuonyesha kitu. Fundi aliwaona dirishani. Mlinzi alikagua kitambulisho cha mzee, akakuta kimefutika jina, akamwambia basi akiache, akawafungulia. Walikwenda polepole na barabara, Mama akiongea. Nyumbani hakukuwa mbali, ila mzee hakuwa mtu wa kukimbizwa.

Mashine ilikuwa tayari kuwashwa. Kiraka kilikuwa mahali pake, na Fundi angeweza kubonyeza wakati wowote. Hakubonyeza, maana mashine ikiamka bila jina la Baba, naye angetoweka hapohapo alipo. Aliweka simu yake mezani akaitazama. Juu, wodi ziliandika kwenye karatasi. Mkurugenzi aliteremka, kiatu kimoja kikilia, akasimama mlangoni.

"Nani amezima?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Washa."

"Nitawasha. Kuna watu bado wako njiani."

Mkurugenzi alitazama viti viwili vitupu, akamtazama binti, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile alikosa agizo la kutoa. Aliongea kuhusu heshima ya taasisi. Aliongea kuhusu wageni watakaokuja Jumatatu. Fundi alimsikiliza kwa adabu zote, mikono yake ikiwa mapajani. Simu ilipolia aliipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Tumefika," alisema Mama. "Amevua viatu, ameketi. Sasa unaweza."

Fundi alilia, kwa sababu kilikuwa kitu cha kulilia, na huku akilia aliwasha mashine. Ilipoamka ilikuwa na kiraka. Mama alisimulia baadaye kwamba alikwenda jikoni kumletea maji, na aliporudi sweta lilikuwa kwenye kiti, limefungwa vifungo vyote. Alilikunja akaliweka. Usiku ule alilala vizuri.

Aliyepita kwenye tundu alirudi Ijumaa, akajaribu, akakataliwa, akajaribu mara ya pili, kisha hakuonekana tena. Fundi hakufukuzwa, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi. Ubao ulianza tena na moja. Mkurugenzi aliuliza kama kitaalamu inawezekana siku za zamani zijumlishwe humo, akaelezwa kwamba inawezekana, ila itakuwa uongo, akasema zijumlishwe. Agizo la kutozima lilibandikwa upya, kwa herufi kubwa zaidi. Fundi alipoomba msaidizi, ofisa wa utumishi alimjibu kwa upole kwamba nafasi ya pili haiwezi kutangazwa mpaka mwenye nafasi ajiuzulu kwa maandishi. Kiyoyozi kilichozimwa hakikuwashwa, na joto la chumba likapanda. Jioni, kazi ilipofika mwisho, Fundi alijiondoa kwenye mashine, akahakikisha jina lake halimo, akaenda kwa mama yake.

Wiki ile aliwaandikia wale wa kujitolea kwamba Babu Diski amepumzika na hatatuma tena. Walimjibu kutoka kila pembe ya dunia. Walisema kiraka chake kimeshawekwa kwenye mamilioni ya mashine na kinafanya kazi bila kasoro. Kisha wakauliza nani ataichukua sehemu ya diski, kila mtu akimsubiri mwenzake. Aliyejitokeza alikuwa mgeni. Aliandika kwamba ataichukua yeye, muda anao. Alifariki mwaka jana.

Walimkaribisha, wakamkabidhi sehemu nzima siku hiyohiyo. Fundi alimwandikia peke yake, akamuuliza mashine yake iko wapi na nani anaweza kumzimia. Mgeni alijibu kwamba iko kwenye stoo ya shule aliyokuwa akifundisha, na aliyekuwa na ufunguo amehama, hajulikani alikokwenda. Aliambatanisha kiraka chake cha kwanza, akaomba kikaguliwe. Fundi alikikagua mstari kwa mstari. Kilikuwa kizuri, akakiweka.