Viatu vya Baridi

"Hivyo sikuuzii," Cicily alisema, akampokonya Nelius kiatu mkononi kana kwamba amemfumania akiiba.

"Lakini vinanitosha."

"Umejuaje vinakutosha? Huo mguu umelala kwa baridi, madam. Mguu ukilala unakubali kila kitu. Kaa hapo uote moto kwanza."

Nelius akaketi kwenye benchi, jiko la makaa miguuni pake. Hakuudhika. Siku hizi hakuudhiwa na chochote, jambo ambalo lingemtisha kama angekuwa na nguvu za kutishika. Banda la Cicily lilikuwa nyuma ya soko la Timau, mabati matupu, viatu vya mitumba vikining'inia kwenye misumari mguu mmoja mmoja. Ule wa pili hufichwa chini ya meza, wenye mikono mirefu wasije wakajaribiwa. Nje, manyunyu hayakuwa yamekatika tangu alfajiri.

Vile alivyochagua vilikuwa vyeusi, vyembamba, vyenye kisigino cha kiofisi. Mtu wa mapokezi katika shamba la maua hawezi kuwapokea wageni akiwa amevaa sandali juu ya soksi. Meneja alikuwa amemwambia hivyo kwa upole, macho yake yakiwa ukutani. Wageni wanakuja Jumatatu. Na kutoka chumbani kwake hadi kwenye geti la shamba ni kupita katikati ya ngano asubuhi na mapema, nyasi zikiwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda usiku. Julai nzima alikuwa ameipita njia hiyo na sandali zake. Alipofika ofisini, vidole vikiwa vimegeuka rangi ya zambarau, ilimbidi avitazame ili ajue bado vipo.

Watu walidhani ni ubahili. Afadhali ungekuwa ubahili. Nelius alitoka Siakago, na Siakago, kwa joto lake, sandali huvaliwa mwaka mzima. Alipopata kazi huku juu, mumewe, Ireri, alimwambia, "Enda tu, mwezi wa nane nitakuja kukuchukua." Sasa mtu anayengoja kuchukuliwa anunue viatu vya baridi vya nini? Kuvinunua ni kukubali kwamba haendi popote. Aliushikilia mwezi wa nane hata baada ya Lorna, wifi yake, kumpigia simu Aprili na kumwambia, huku akikohoakohoa, kwamba kuna mwanamke anayepika jikoni mwake kule Siakago. Nelius alisema, "Sawa." Akashukuru, hata. Kisha akarudi kupokea simu za ofisi. Tangu siku hiyo alikula, akalala, akafua nguo, wala hakulia.

"Usisogeze karibu hivyo," Cicily alisema huku akipanga viatu. "Utaungua na hujui. Kuna mama alikuwa hapo soksi zikitoa moshi, yeye anapiga stori tu."

Nelius akairudisha miguu nyuma. Maumivu yakaanza kwenye kidole gumba cha kushoto, kidogo tu, halafu yakaenea kama siafu walioingia ndani ya soksi. Alikuwa anauma mdomo simu yake ilipolia. Ireri.

"Uko wapi?"

"Sokoni."

"Huku jua inawaka, wacha tu. Nelius, ile kikaango ya chapati uliweka wapi?"

Katika miaka yote ya ndoa yao, Ireri hakuwahi kusukuma chapati. Hata kuchemsha maziwa ilikuwa shughuli ya kuitiwa msaada.

"Nani anapika chapati?"

"Si ni... ni watu tu."

"Iko juu ya kabati, nyuma ya gunia la njugu." Alijibu haraka, kama anavyowajibu wateja. "Na mwezi wa nane?"

"Tutaona vile mambo itakuwa," Ireri alisema, akakata.

Nelius akaiweka simu mapajani. Miguu yote miwili ilikuwa inawaka. Machozi yakamtoka bila kuombwa, yakafuatwa na mengine.

"Ni miguu," alisema.

"Najua. Ikiamka inauma kuliko ikiganda." Cicily akavuta pazia la gunia lililokuwa mlangoni. "Lia, madam. Hakuna mtu hapa."

Akalia. Alikililia kikaango alichokinunua kwa pesa zake, na jiko aliloliacha limefagiwa, na lile "sawa" lake la kijinga la mwezi wa nne. Alikuwa na hasira na aliumia, aliumia sana, na alishangaa mambo hayo yalikuwa yamekaa wapi muda wote huo.

Alipopangusa uso, Cicily alimpa vile viatu vyeusi. Nelius akatia mguu, akakunja uso.

"Vinanibana hapa. Na huku pembeni."

"Ehe! Sasa tunaongea."

Akainama chini ya meza, akatoka na buti fupi za kahawia, ngozi laini, zipu ubavuni, sufu ndani, kisigino kifupi. Nelius akazivaa. Akatembea hadi kwa muuza nyanya wa banda la pili na kurudi, vidole vyake vikiwa na nafasi ya kujikunja na kujinyoosha. Akaitazama miguu yake. Ilipendeza. Hakukumbuka mara ya mwisho kuona kitu akakiona kizuri.

"Wacha nisivue," alisema, akalipa.

Simu ikalia tena kabla hajatoka.

"Nimepata," Ireri alisema. "Asante."

"Ireri, nimenunua viatu za baridi."

"Za baridi?" Akacheka. "Utavaa wapi huku, na hii jua yote?"

Nelius akaivuta zipu ya buti hadi juu. Alimwacha ajisikie akiuliza.

"Sitavaa huko," alisema.

Kicheko kikaisha. Hakuna aliyekata simu. Kutoka upande ule Nelius alisikia mafuta yakianza kuchemka kikaangoni, na sauti ya mwanamke, ya chini, ikimwita Ireri kwa jina, na Ireri hakuitika.