Mama Kachagua Kuku, Mbuzi na Samaki

Mama yetu alikuwa mtu wa hapana. Kila mwaka Krismasi ikikaribia alituuliza mmoja mmoja tunataka kula nini, akatusikiliza kwa heshima zote, halafu akapika alichotaka yeye. Chakula kikuu kilikuwa kimoja tu. Ukidai kingine alikuuliza jiko hili ni la nani, nawe ukafyata mkia ukaenda kumenya vitunguu. Tulinuna, tukala, tukajiramba vidole.

Tangu apigwe na kiharusi mwezi wa sita limembakia neno moja tu kinywani, na neno lenyewe ni ndiyo. Ukimuuliza kama anasikia baridi, ndiyo. Kama anasikia joto, ndiyo. Daktari alinieleza kwamba ndiyo hiyo hutoka yenyewe, nisiitafutie maana. Huenda mama anajua anachotaka, ila njia ya kukisema imekatika. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye ninayeishi naye. Saluni yangu nimeihamishia sebuleni, nasuka vichwa vya watu huku jicho moja liko chumbani kwake. Hata mimi, pamoja na maneno yote ya daktari, kila jioni nikishamfunika shuka humuuliza kama namtunza vizuri. Hujibu ndiyo, nami huenda kulala.

Wakubwa zangu niliwaeleza haya kwa simu. Kaka, fundi bomba, akasema madaktari nao wana mambo yao. Dada, mwalimu, akasema mama anaendelea vizuri, kwani jana tu wamezungumza.

Nilitaka jambo moja: Krismasi hii mama ale anachokitaka yeye, maana sikuwa na hakika kama ataiona nyingine. Nilikata picha za nyama na samaki kwenye kalenda ya bucha, nikampangia mapajani, nikamwomba aguse moja kwa mkono ulio mzima. Alizipapasa zote kama anafuta vumbi. Nikampikia kidogo kidogo cha kila aina, nimsome usoni. Alimeza, akanitazama, na macho yalikuwa na neno, lakini neno gani sikujua. Nilitoka nikalilia kwenye taulo la mteja.

Wiki ya sikukuu dada alikuja kumwona, akatoka chumbani akitabasamu: mama kachagua kuku. Kesho yake kaka akapita na spana zake mkononi, akaniambia nisihangaike, mama kasema mbuzi. Mama mdogo, anayemfuata mama kuzaliwa, yeye alipewa samaki. Nikawaambia kila mmoja kwamba na mwenzake kapewa ndiyo hiyo hiyo. Kila mmoja akanijibu kwamba yeye kasikia kwa masikio yake, hao wengine wamemlazimisha mgonjwa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Nilichoka kubishana, nikasuka nywele.

Siku yenyewe mezani zilitua sufuria tatu, na mama tukamkalisha kichwani mwa meza kwa gauni lake la bluu. Kaka akafunua ya kwake.

"Mama, si ulisema mbuzi?"

"Ndiyo," akasema mama.

Dada akamuuliza kuhusu kuku, akajibiwa vilevile. Mama mdogo naye hakubaki nyuma. Walicheka kwanza, halafu wakaanza kurushiana maneno juu ya kichwa chake, nani anamjali na nani hupita tu kusalimia. Mama alikuwa katikati, mate yakimtoka upande ule uliolala, na hakuna aliyeyaona. Hasira zikanipanda. Nikapiga magoti mbele yake, nikampangusa.

"Mama, vyakula vyote hivi tukavimwage nje?"

"Ndiyo."

"Na mimi si mwanao, ni jirani tu, nimekuja kuazima chumvi?"

"Ndiyo," akasema, kwa upole ule ule.

Mama mdogo akajifunika uso kwa mikono. Dada akarudisha kifuniko kwenye sufuria ya kuku. Kaka alichukua kisu akaanza kukata nyama vipande vidogo, kisha vidogo zaidi, hadi ikawa kama ya mtoto wa kuachishwa ziwa, akamlisha mama bila kumuuliza kitu. Wengine tulikula kwa sababu chakula kilikuwepo. Hakuna aliyesema kimekolea au hakikukolea.

Jioni walipoondoka nilimwogesha mama, nikamlaza, nikamfunika shuka. Nikaketi pembeni ya kitanda nimuulize swali langu la kila siku, nikaishia kumrekebishia mto. Nililiua mwenyewe pale mezani, mbele ya watu. Alinikazia macho, anangoja.

Nikazima taa. Gizani nikamsikia akisema ndiyo, na sikuwa nimemuuliza kitu.