Kabemba Wawili Nyumba Moja

Mama alimpa Kabemba wimbo wake mara nne, na mara nne Kabemba akawa hajapokea kitu.

Kabemba ni kompyuta. Anakaa sebuleni kwetu Dilala, mkubwa, mzito, na ndiye pekee anayeelewana na mashine ya kuchapa. Mama ana kompyuta yake ndogo aliyoipata mwezi uliopita, na humo alikuwa ametunga wimbo wa kwaya, beti saba, wimbo wa kwanza maishani mwake. Matundu ya flash ya ile kubwa yalikufa zamani. Kwa hiyo Ijumaa, nilipofika likizo kutoka bwenini, niliziunganisha zote mbili kwa wifi ya nyumba, nikafungua folda ya pamoja katika kila moja, nikatangaza mezani kwamba kazi imekwisha. Sikujaribu. Fundi wa hadhi yangu hajaribu.

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne lori lingepita kuichukua kwaya kwenda Musonoi, kwenye siku ya kwaya za parokia. Sharti lilikuwa moja: kwaya isiyo na maneno ya wimbo wake kwenye karatasi, kwa padri na kwa kila mwimbaji, haiimbi. Wanawake ishirini na mmoja wenye vitenge vipya walikaa uani wakingoja karatasi, Mama akiwa wa ishirini na mbili.

"Josias! Weye! Ulifanya tena nini ku mashine yangu?"

"Mama, leo mi siko na kosa."

"Na ile chumvi mu sukari ya padri, haukukuwa na kosa pia?"

Chumvi ile ilikuwa ya Pasaka na nilikwisha kuitubu. Lakini kwetu kitu kikiharibika, uchunguzi huanza kwangu, na kwa kawaida hauna haja ya kwenda mbali. Kusingiziwa lilikuwa jambo geni kwangu. Nililipokea kwa unyenyekevu wa shahidi wa imani.

"Mama Agnès!" akaita Bilonda, mwenye sauti kubwa kuliko zote uani. "Tuimbe la-la-la tu? Padri ataweka maneno yeye mwenyewe!"

Wenzake wakacheka. Mama hakucheka. Alichukua kalamu akaanza kunakili ubeti wa kwanza kwa mkono. Beti saba, mara ishirini na tatu. Hapo hata mimi nikaacha mzaha.

Wifi: mashine zote mbili zilikuwa zimeishika. Folda: zote wazi. Nilizima, nikawasha. Kwenye mashine ya Mama, pale barazani, nikafungua orodha ya mtandao, nikakuta jina moja tu, Kabemba. Nikaingia kwake. Wimbo ulikuwamo, mara nne. Nikakimbia sebuleni kwa Kabemba mwenyewe: hamna kitu. Nikarudi, nikaitazama mashine ya Mama kwa jicho la polisi, nikaiuliza jina lake.

"Tata," nikamwambia baba, "fundi René alipotayarisha mashine ya Mama, alikuuliza jina?"

Tata Symphorien alipunguza redio. "Aliniuliza. Nilimwambia Kabemba."

"Na ile kubwa ya salon?"

"Kabemba. Ni jina ya baba yangu. Kila kitu ya maana inaingia mu nyumba hii inabeba jina ya baba yangu."

Kweli kabisa. Kaka yangu mkubwa ni Kabemba. Pikipiki ni Kabemba. Mbwa peke yake ndiye aliyenusurika.

Nikawaeleza: ukiwa Kabemba, ukamwita Kabemba, unaitika wewe mwenyewe. Mashine ya Mama ilikuwa ikijipelekea wimbo, tena kwa furaha.

"Tubadilishe jina moja tu," nikasema.

"Jina ya baba yangu haitoke," Tata akajibu. "Ukishapana jina, umepana, haurudishe."

Ilibaki dakika kumi na mbili. Mama alisema bila kuinua kichwa, "Symphorien, baba yako nilimupenda. Lakini wimbo hii ni ya mi."

Ndipo Koko Tshibola, mama yake Tata, mjane wa Kabemba wa kwanza kabisa, akaweka chini ungo wake wa maharage.

"Bwana yangu alikuwa mutu moja," alisema. "Hakukuwa analala mu vyumba bibili. Angefanya vile, mi ningejua. Ule mukubwa abakie Kabemba. Huyu mudogo mumupe jina yangu, bakae pamoja."

Tata akarudisha sauti ya redio. Mtu atamkatalia mama yake nini?

Niliandika TSHIBOLA, nikaiwasha upya. Mashine ilichukua muda wake, kama mama mkubwa anayejifunga kitenge. Tulisimama tukiitazama. Kisha orodha ikafunguka na majina mawili, Kabemba na Tshibola, moja chini ya lingine. Mama aliusukuma wimbo kwa kidole.

"Kabemba amepata!" nikapiga kelele kutoka sebuleni, na vigelegele vikajibu kutoka uani.

Karatasi ishirini na tatu zilitoka zikiwa na joto. Tatu za mwisho nilizikabidhi kupitia ubavu wa lori likiwa limeanza kwenda.

Walirudi saa kumi, sauti zimewakauka wote. Waliimba, wakaombwa kurudia, na kwaya ya jirani ikaomba maneno. Mbele ya wote Mama alisema, "Leo Josias hakukosa." Nilimwomba aiandike hiyo, niichape.

Koko hakuwapo kwenye shangwe. Nilimkuta chumbani kwa Mama, ameifunika mashine ndogo kwa kipande cha kitenge chake kizuri. Kwetu mtu aliyepewa jina lako ni majina yako, na humwendei mikono mitupu, na yeye alikuja pia na sahani ya karanga za kukaanga.

"Josias, majina yangu huyu anakula nini?"

"Karanga, Koko," nikamjibu kwa heshima zote, nikiisogelea sahani. "Lakini bado mudogo. Lazima mutu amutafunie."