Hamsini za Kipanga

Watu wawili wakibishana juu ya mpira wa kikapu, wa tatu afadhali atafute kazi ya kufanya. Lakini katika kiwanda kile cha uchapaji wa tatu naye alikuwa anabishana, na kazi yenyewe ndiyo iliyoleta ubishi. Katibu wa ligi alifika asubuhi na bango la kuadhimisha miaka arobaini ya ligi ya kulipwa, nakala elfu kumi, na juu yake kwa herufi nene pameandikwa: NANI ALICHEZA FAINALI BORA KULIKO WOTE? Swali kama hilo ukimwuliza mtu mwenye akili zake, atacheka aende zake. Hawa walikunja mikono ya mashati.

Bango lilikuwa na picha za wachezaji watatu, na ipi iwekwe katikati iwe kubwa, Katibu alikuwa hajaamua. Nakala ya majaribio ilitakiwa iwe imetiwa sahihi kabla ya saa saba, ndipo pleti, lile bamba la kuchapia, ichomwe na mashine iwashwe. Wa kutia sahihi alikuwa msahihishaji wa kiwanda, mama mmoja aliyeitwa Mama Nukta kwa sababu aliwahi kurudisha kitabu kizima cha hesabu kwa ajili ya nukta moja. Mumewe ndiye aliyeendesha mashine kubwa. Mdogo wa kiume wa Mama Nukta ndiye aliyekata karatasi. Kwa hiyo ugomvi wa kiwandani ulikuwa ugomvi wa nyumbani, ila wenye kelele za mashine.

Mkata karatasi alishika upande wa Kipanga hata chai hajaimaliza. Kipanga, jezi namba nane, pointi hamsini kamili katika mchezo wa saba wa fainali, ule wa mwisho unaoamua bingwa, rekodi ambayo kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyeigusa. Wengine wote wakae chini wanyamaze, alisema, maana namba hazina shemeji wala mjomba.

Katibu akasema basi yeye anampa Daktari. Katika mchezo wa nne wa fainali nyingine Daktari alifunga arobaini na tisa kwa jicho moja, la pili likiwa limefungwa plasta, kwani alipigwa kiwiko robo ya kwanza, akashonwa nyuzi sita pale pale benchini, akarudi uwanjani. Kipanga alikuwa na macho mawili, Katibu aliwakumbusha, na kwa jicho lile la ziada alipata pointi moja tu. Hapo hata mkata karatasi alicheka, akakasirika kwa sababu amecheka.

Mwendesha mashine alikuwa anafuta wino kwenye roli. Akasema wote wawili hawajui wanachokisema. Picha ya kati iwe ya Mama Pacha wa ligi ya wanawake, aliyecheza fainali miezi mitano baada ya kujifungua mapacha na kutoa pasi kumi na tisa zilizozaa vikapu. Kufunga hata mlevi anafunga, alisema, akibahatika. Kumfanya mwenzako afunge, hiyo ndiyo kazi.

“Shemeji Sifuri atampenda nani mwingine,” akasema mkata karatasi.

Ndilo lilikuwa jina la mwendesha mashine, Sifuri, na alilipata katika mchezo ule ule wa Kipanga. Alikuwa timu moja naye, jezi namba tatu, akacheza dakika thelathini na saba za fainali, timu ikatwaa ubingwa, na kwenye karatasi ya matokeo akaandikiwa pointi sifuri. Kwamba usiku ule alimkaba Mnara, jitu lililozoea kufunga arobaini, likaambulia kumi na moja, hayo nani anayakumbuka? Watu humsifia aliyepakua, aliyepika hawamjui. Mkata karatasi alisema, kama anavyosema kila mwaka, kwamba kwa dakika zote hizo hata benchi lenyewe lingeingizwa uwanjani lingefunga moja. Utani wa mashemeji haukatazwi, na Sifuri alicheka kama kawaida yake, akaendelea kufuta roli.

Siku nyingine Mama Nukta angecheka pia. Siku hiyo alikuwa ameinamia chini kabisa ya bango, mahali palipochapwa orodha ya wachezaji wa mchezo wa Kipanga kwa herufi ndogo kama sisimizi. Namba 8, pointi 50. Namba 3, pointi 0. Na aliyeandika hizo namba kwa mara ya kwanza, kwa kalamu, kwa mkono wake, alikuwa yeye.

Ndiyo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, mwandishi wa pointi katika meza ya waamuzi, fainali yake ya kwanza. Robo ya nne mpira ulirushwa ukagonga chuma, mikono mitano ikauparamia, ukaingia. Msaidizi wake akapiga kelele, “Nane!” na kalamu ikaandika nane kabla macho hayajamaliza kuona kwamba mgongo ulioruka juu kuliko yote ulikuwa na namba tatu. Akaweka nukta ya penseli pembeni, ili amwulize mwamuzi filimbi ikilia. Filimbi ililia, mwamuzi akawa amezungukwa na makocha. Ikalia tena, msichana akawa hana ulimi. Kisha honi ya mwisho, watu wakafurika uwanjani, Kipanga mabegani, mtangazaji anapasua spika kwa hamsini, na mtu akamsukumia karatasi atie sahihi. Lugha yetu nayo ina masihara yake. Kisicho na kosa tunakiita sahihi, na jina unaloliandika chini ya karatasi tunaliita sahihi vile vile. Siku ile alitia sahihi yake kwenye kitu kisicho sahihi.

Mwaka haujaisha, akaolewa na namba tatu. Mwanzoni alinyamaza kwa woga, baadaye kwa aibu ya kuchelewa, maana kosa likikaa sana nalo huanza kudai heshima ya uzee. Akawa msahihishaji mkali ambaye waandishi walimwogopa, na sasa mume wake mwenyewe alikuwa anasubiri pleti ili aichape sifuri yake mara elfu kumi.

Saa saba kasorobo Katibu akamsogezea kalamu, akamwomba sahihi tu, mama, hayo ya picha watamalizana wenyewe. Mama Nukta aliogopa, na aliyemwogopa hakuwa Katibu.

“Siweki,” alisema. “Kuna kosa.”

Walidhani ni mkato. Mkata karatasi aliinua macho juu akaomba subira.

“Kipanga ana arobaini na nane. Kikapu kilichoifikisha timu yake sabini na moja alifunga namba tatu. Niliona, nikaandika nane, nikanyamaza.”

Mkata karatasi akazima mashine ya kukata. Katibu alifungua mkoba, akatoa karatasi ya matokeo yenyewe, ile ya asili aliyoileta ipigwe picha, akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka sabini na moja. Nukta ilikuwepo. Alisema miaka yote alidhani ni kazi ya nzi. Halafu mngeona alivyobadilika uso, maana hesabu ilikuwa imemfikia. Arobaini na nane ni chini ya arobaini na tisa. Daktari wake ndiye bingwa wa pointi! Mtu mzima, katibu wa ligi, alikaribia kucheza. Akasema kamati atapambana nayo yeye mwenyewe, mama aandike tu maelezo, na picha ya kati sasa haina mjadala.

Mkata karatasi alipandwa na hasira za kweli. Alisema rekodi ya miaka ishirini na sita haiwezi kufutwa na kinyesi cha nzi, dada yake anaweza kuwa alikosea wakati ule na anaweza kuwa anakosea sasa. Mwenyewe yupo, aulizwe mwenyewe.

Wote wakamgeukia Sifuri. Mama Nukta alitazama sakafu. Alijiandaa kwa lolote, kwa matusi, kwa mlango kubamizwa, na zaidi ya yote kwa kimya.

Sifuri aliinua mkono wa kulia, akaonyesha ncha ya kidole cha kati. “Mpira ulinigusa hapa,” alisema. “Mtu hasahau kikapu cha fainali.”

Mkewe akauliza, sauti ndogo, kwa nini hakudai.

“Nilikuja kudai. Nilifika mezani kwako jasho linanitoka, nimejaa maneno. Nikakuta msichana anajaribu kufunika kalamu, kifuniko hakiingii. Nikajua nikifungua mdomo, kesho hana kazi. Nikaomba maji.”

Na maji yalikuwa benchini kwao, ndoo nzima. Mama Nukta aliyakumbuka yale maji, na kwa miaka yote alikuwa amejisifia moyoni kwamba yule mchezaji alikuja kwa ajili ya sura yake. Alimpenda mume wake dakika ile kwa mapenzi yaliyomuuma kifuani, akamkasirikia hapo hapo kwa kumwachia abebe peke yake siri ambayo wote wawili walikuwa wameibeba.

“Acheni hamsini iwe hamsini,” Sifuri alisema. “Sifuri nimeizoea.”

Mama Nukta alichukua kalamu nyekundu, akafuta hamsini, akaandika arobaini na nane. Akafuta sifuri, akaandika mbili. Akatia sahihi, akampa Katibu, naye akaondoka mbio mbio na nakala kwenda chumba cha pleti kama mtu anayeogopa kuitwa arudi.

Aliporudi ubishi uliwaka upya, mkubwa kuliko wa kwanza. Mkata karatasi alikuwa amepata njia. Arobaini na nane za mchezo wa saba, alisema, zina uzito kuliko arobaini na tisa za mchezo wa nne, na jicho ni jicho, mchezo wa saba ni mchezo wa saba. Katibu alimwuliza kama amewahi kushonwa nyuzi sita akiwa macho. Walikuwa wanapiga kelele juu ya meza, wote wawili wakitabasamu, na mashine kubwa ikaanza kunguruma nyuma yao.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Sifuri aliichukua, akaipeleka kwenye taa. Daktari katikati, mkubwa kama mlango, hakumtazama. Kipanga hakumtazama. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akatafuta kwenye wale sisimizi, akapata mstari wake, akausoma. Akausoma tena. Mashine iliendelea kutema mabango, wino wa upande wa kushoto umefifia, yakawa hamsini, yakawa mia, yote ya kutupwa, na mtu ambaye hajawahi kuruhusu matano mabovu yapite alikuwa ameyapa mgongo.

Mkewe akamwendea. Mabega ya Sifuri yalikuwa yanatikisika, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Kumbe alikuwa anadanganya. Ile sifuri hakuizoea hata siku moja.

Mama Nukta akanyoosha mkono, akazima mashine.