Ng'ombe wa Kilembwe na Majani ya Swima

Habari hii watu wa Swima huisimulia vizuri kuliko mimi, na katika masimulizi yao mimi ndiye mwokozi. Ndiyo maana sipendi kupita Swima.

Bamama sita wa pale ufukweni mwa ziwa waliuza ndagala, samaki wadogo wakavu, misimu miwili mpaka wakapata ng'ombe mmoja wa maziwa, kutoka Kilembwe, kule ndani milimani. Maziwa waligawana, lakini kikombe cha kwanza kilikuwa cha Divine, mjukuu wa Mama Florentine, mtoto wa miezi kumi aliyefiwa na mama yake. Aliyemleta ng'ombe ni Léonidas, mzee mkimbizi kutoka Burundi anayeishi Lweba na ng'ombe wake mmoja, Gaju. Alifika akisukuma baiskeli iliyosheheni majani ya Kilembwe mpaka yeye mwenyewe hakuonekana.

"Muchanganye iyi na majani ya huku, kidogo kidogo, wiki mbili," aliwaambia bamama. "Tumbo yake haijue bado majani ya ziwa. Na mi nitatoa kile Gaju anacheua, tuipe iyi ngombe mu kinywa. Gaju amezoea majani ya huku, atasaidia mwenzake."

Mimi ni Marthe, munganga wa mifugo. Nilisoma Bukavu miaka mitatu, na siku hiyo nilitoka Baraka na koti langu jeupe, kichwa kimevimba.

"Baba, mate ya ngombe moya uitie mu kinywa ya ingine?" nikasema. "Tena majani si ni majani tu? Ao majani ya huku inaombaka ngombe karatasi?"

Bamama walicheka sana. Mzee ambaye kila mwezi anaombwa karatasi zake za ukimbizi barabarani naye alitabasamu, akasema, "Sawa, munganga," akashusha majani, akageuza baiskeli. Majani ya Kilembwe walipewa mbuzi jioni ileile. Mimi ndiye niliyeamuru.

Ng'ombe akawa anakula majani ya ufukweni, marefu na magumu, yale yanayokata mikono ya anayeyavuna. Siku ya sita Mama Florentine alinipigia simu.

"Munganga, ngombe imeacha kucheua. Maziwa haijaze hata kikombe."

Nilikwenda mbio. Sikutaka kuonekana sijui, basi nikakoroga unga wa antibiotiki katika maji nikamnywesha kwa chupa, siku mbili, asubuhi na jioni. Siku ya tatu alikuwa amelala chini, macho yamezama, na maziwa hakuna hata tone. Divine alipewa uji wa muhogo akautema, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Nilipiga magoti nikaweka sikio kwenye ubavu wa kushoto wa yule mnyama. Tumbo la ng'ombe mzima huwa linanguruma muda wote. La huyu lilikuwa kimya kabisa.

Hapo ndipo somo liliponirudia. Ng'ombe hayasagi majani peke yake. Tumboni mwake wanaishi vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaoyavunja majani yawe chakula. Waliolelewa kwa majani mororo ya mlimani hawawezi kuyashika yale magumu ya ziwani kwa siku moja. Wanahitaji muda mpaka wengine wazoefu waongezeke, au waletwe na kile anachocheua ng'ombe mwingine. Swali hilo liliulizwa kwenye mtihani, nikapata kumi na saba juu ya ishirini. Na dawa niliyomimina ilikuwa imewaua hata wale wachache waliobaki. Mzee aliyasema yote hayo kwa maneno machache kuliko profesa wangu, nami nikamcheka kwa sababu hakuyasema kwa Kifaransa. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nilichukua pikipiki mpaka Lweba. Nilikuta Léonidas anamkatia Gaju majani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, lakini mbele yake yote yalinipotea.

"Baba, nilikosa. Ngombe iko nakufa. Ni mi niko naiua."

Aliweka majani chini, akasema, "Tafuta termosi na maji ya moto kidogo."

Tulikaa tukingoja Gaju acheue. Mzee alikuwa anaangalia koo la Gaju. Donge lilipopanda, aliingiza mkono pembeni mwa mdomo akalitoa, la kijani na la moto, akalitia kwenye termosi yenye maji vuguvugu. Akarudia mara nane. Kisha akapanda pikipiki nyuma yangu, ameikumbatia termosi ndani ya koti lake ili isipoe.

Tulipofika Swima, yeye alishika kichwa cha ng'ombe, mimi nikamnywesha. Bamama wote sita walikuwa wamesimama pale.

"Munganga, iyi ni dawa gani?" aliuliza Mama Florentine.

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Niliwatazama wale waliocheka pamoja nami, nikaogopa.

"Ni dawa ya tumbo," nikasema.

Mzee aliendelea kushika kichwa cha ng'ombe, macho chini.

Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne ng'ombe alisimama, taya likaanza kuzunguka taratibu. Baada ya wiki Divine alikunywa kikombe chake akalala. Bamama walinipigia makofi, wakanifunga kitenge kipya kiunoni. Kisha Mama Florentine, kwa moyo mweupe kabisa, akamgeukia Léonidas, aliyekuwa amekuja kumtazama ng'ombe.

"Baba, na we uko na ngombe. Munganga akufundishe, siku moya yako isikufe bure."

Nilimngoja aseme. Nilitamani aseme yeye, ili mimi nisilazimike. Mzee alivua kofia yake, akaishika kifuani kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Kweli, mama," akasema. "Munganga, nifundishe. Ngombe ikitoka mulimani, majani ya huku tuipe namna gani?"

Bamama wakasogea wapate kusikia.

"Muchanganye na majani ya kwao," nikasema. "Kidogo kidogo. Wiki mbili."

"Wiki mbili," bamama wakarudia, wakiitikia kwa vichwa.

"Aksanti, munganga," akasema Léonidas.